Yule Nondo Mweupe wa Madoa Mekundu ni Nani?

Mvua ya mwaka ilipoanza kukatika, kiwanja kinachotazamana na nyumba yetu hapa Mtopanga, Mombasa, kilikuwa kimeota kila jani Mungu alilotaka liote. Mwenye kiwanja yuko ng'ambo, ukuta hajajenga, basi nyasi zimefika magotini. Ndani ya nyasi hizo jirani yangu amejilimia mistari sita ya mahindi. Ni mama mtu mzima, nami humwita mama kama wanavyomwita watoto wake. Asubuhi moja alinipigia hodi, mkononi kashika jani la hindi lenye matundu.

"Mwanangu, njoo uone. Viwavijeshi wamerudi. Mama zao hao wamejaa kiwanjani, weupe, wana damu damu mbawani. Nataka nikanunue dawa nipige leo leo."

Tukatoka. Kila tulipokanyaga, kidudu cheupe kiliruka kutoka nyasini, kikapepesuka hatua tano sita, kisha kikazama tena. Hakipai juu kama kipepeo wa bustanini. Kinaruka kama kipande cha karatasi kilichopeperushwa na gari likipita. Mmoja alitua karibu na mguu wangu, nikamfunika kwa bilauri na kupitisha kadi kuukuu ya arusi chini yake, nikamwinua hadi usawa wa macho yetu.

Alikuwa ametulia, mbawa zimeuzunguka mwili kama mkeka uliokunjwa, hata akawa mwembamba kama kijiti cha kiberiti, ila mnene kidogo. Rangi yake ya chini ni nyeupe ya maziwa. Juu yake yamepangwa madoa mekundu, wekundu wa rangi ya kucha, na baina ya madoa hayo zimetawanywa nukta nyeusi, nyingine ndogo kama ncha ya kalamu. Alipojinyoosha akakunjua mbawa, zile za nyuma zikaonekana: nyeupe tupu, ukingoni zina mpaka mweusi uliochorwa ovyo, kama aliyechora alikuwa na haraka.

"Huyu si mama wa viwavijeshi," nikasema.

Mama akanitazama jinsi mtu anavyomtazama daktari aliyeandika dawa bila kumgusa mgonjwa. Nami nilistahili, maana nilikuwa nimetoa hukumu bila ushahidi. Ushahidi wenyewe ni mrefu kidogo, na sehemu yake kubwa haipo kwenye mbawa.

Tuanze na neno. Ukienda duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini ukasema unataka nondo, utaulizwa milimita ngapi, kwa sababu nondo ni chuma cha kufungia nguzo. Kwa walio wengi nondo wa pili ni yule anayetoboa kanzu sandukuni. (Naye amesingiziwa nusu ya kesi: anayekula nguo ni kiwavi wake. Nondo mzima wa nguo hali kitu.) Lakini nondo ni kabila kubwa kupita kiasi. Wataalamu wamekwisha kuwapa majina aina zaidi ya laki moja, na vipepeo tunaowasifu ni tawi dogo tu la ukoo huohuo wa wadudu wenye magamba mbawani. Lile vumbi linalobaki vidoleni ukimshika ni hayo magamba, yamepangwa kama makuti juu ya paa. Utotoni niliambiwa likiniingia jichoni nitapofuka. Limeniingia mara nyingi na ninaandika haya bila miwani.

Watu husema kipepeo ni wa mchana na nondo ni wa usiku. Kwa huyu wetu kanuni hiyo haina kazi, maana ukimshtua mchana huruka mbele yako bila haya, na usiku anakuja taani pamoja na wenzake. Tazama vipapasio vyake. Vya kipepeo huishia na kirungu, mfano wa kijiti cha pamba cha kusafishia sikio. Vya huyu ni vyembamba kama uzi mpaka mwisho. Tazama pia anavyopumzika: vipepeo wengi husimamisha mbawa juu ya mgongo, naye huzilaza na kujifunika. Kwa hivyo ni nondo, japo ana rangi ambazo kipepeo angezionea wivu.

Jina lake la kitaalamu ni Utetheisa pulchella. Sehemu ya pili alipewa na Mswidi Carl Linnaeus mwaka 1758, katika orodha ileile iliyoanzisha utaratibu wa kuwaita wanyama kwa majina mawili. Kwa Kilatini pulchella ni kama kusema "kirembo". Mbawa zake zikitandazwa, toka ncha hadi ncha ni sentimita tatu hadi nne hivi, nyembamba kuliko upana wa kadi ile ya arusi. Yumo katika ukoo wa nondo ambao wataalamu huuita nondo-chui. Zamani ulihesabiwa kuwa familia kamili, siku hizi umewekwa ndani ya familia kubwa ya Erebidae. Msomaji asihangaike sana na mabadiliko hayo. Nondo mwenyewe hajabadilika.

Wala si wa Mombasa peke yetu. Anaishi Afrika karibu yote penye uwazi na jua, kusini mwa Ulaya, na sehemu kubwa ya Asia. Ni msafiri. Miaka mingine upepo wa kusini humfikisha hadi Uingereza, ambako watu wanaopenda nondo husimuliana habari zake kama sisi tunavyosimuliana kuonekana kwa nyangumi. Huko haishi, baridi humuua. Sisi tunamkanyagia nyasini tukielekea dukani.

Sasa wanaochanganywa naye.

Wa kwanza ni huyo aliyemtia jirani yangu homa. Kiwavijeshi vamizi alitoka mabara ya Amerika, akaripotiwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia 2017 alikuwa ndani ya mahindi ya Kenya. Mama yake ni nondo pia, lakini hana sura ya kukumbukwa: mbawa za mbele ni za kijivu na kahawia, kama gome la mti lililolowa. Za nyuma ni nyeupe zenye kung'aa kidogo, lakini anapotua hazionekani. Ni wa usiku kwelikweli. Mchana hujificha, hutamwona akipepesuka mbele ya miguu yako mia kwa mia. Mayai huyataga kwa mafungu juu ya jani na kuyafunika kwa manyoya kama ukungu wa mkate. Anayetafuta adui wa mahindi kwa kutazama nani anang'aa kiwanjani, atamkosa adui na kumpiga mpita njia.

Wa pili ni kundi zima, nao ndio wengi zaidi nyasini kuliko huyu wetu. Ni nondo wadogo wa rangi ya majani makavu, familia ya Crambidae. Ukitembea nyasini huruka, na wakitua hujilaza sambamba na ubua wa nyasi hata ukashindwa kujua nyasi iliishia wapi na nondo ameanzia wapi. Mbele ya uso wana kitu kama pua ndefu. Viwavi wa wengi wao hukaa chini, kwenye mashina ya nyasi, ndani ya vijumba vya hariri. Wakiruka juani huonekana weupe, na hapo ndipo macho hudanganyika. Katika familia hiyohiyo wamo wale ambao viwavi wao hutoboa bua la hindi, na hadithi yao ya hapa Pwani inastahili makala yake yenyewe. Kwa ufupi, kuna mmoja aliyekuja kutoka Asia, Chilo partellus, akamsukuma kando ndugu yake mwenyeji wa pwani hii. Mwaka 1993 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walimwachilia Pwani nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Pakistan, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiwavi huyo. Wasingeweza kumchagua nyigu kama hawakujua kwanza ni kiwavi yupi.

Wa tatu ni jamaa wa kweli, naye hupenda mimea ya aina ileile, nitakayoitaja hapo mbele. Ni nondo wa jenasi Argina, yaani kundi dogo la aina zilizo ndugu: ana rangi ya chungwa iliyoiva, madoa meusi yaliyozungushiwa duara hafifu, na mwili mkubwa kidogo. Ukiwaona wote wawili asubuhi moja hutawachanganya. Mkanganyiko hutokea kwa viwavi wao na kwa watu wanaosimulia bila kupiga picha.

Wa nne ndiye mtihani. Kuna Utetheisa pulchelloides, na jina lenyewe lasema "anayefanana na kirembo". Ni wa visiwa vya Bahari Hindi na kuelekea mashariki hadi Australia. Kwa macho ya kawaida ni yuleyule: weupe ule, madoa yale, mpaka ule mweusi wa ovyo. Wataalamu wakitaka kuwatenganisha humfungua dume na kutazama viungo vya uzazi chini ya hadubini. Ndiyo maana nikipiga picha kwa simu, na programu ikanijibu jina moja kwa uhakika wa kutisha, mimi humpunguzia uhakika wake. Programu imeona mbawa tu. Kwa nondo wa bara la Afrika jina pulchella ndilo la kutarajiwa, na kwa mtu anayetaka kujua amwache au ampulizie dawa, hilo linatosha. Anayetaka kuandika katika daftari la makumbusho ana kazi zaidi ya kufanya.

Mpaka hapo nimemtambua kwa kuwatoa wengine, kama mlinzi wa mlangoni. Njia ninayoiamini zaidi ni kuuliza: anapotaga, anataga juu ya nini?

Nilimwonyesha mama magugu mawili mle kiwanjani. La kwanza ni fupi, majani yake yanakwaruza kidogo kama ulimi wa paka, na maua yake madogo, meupe au ya zambarau hafifu, yamepangwa juu ya kikonyo kilichojikunja nchani mfano wa mkia wa nge. Hilo ni heliotropi. La pili kila mtoto wa Pwani aliwahi kulitikisa: maua ya manjano kama ya kunde, na vifuko vilivyovimba ambavyo vikikauka mbegu hulia ndani kayakaya. Ni jamii ya marejea. Jina lake la kitaalamu, Crotalaria, limetoka kwenye neno la Kigiriki la chombo cha kugongesha na kuchezea ngoma. Wagiriki wangekutana na kayamba la Wamijikenda wangeelewana mara moja.

Mimea hii miwili si ndugu, lakini imefikia hila moja: hutengeneza sumu ziitwazo alkaloidi za pirolizidini. Mnyama akizila kwa wingi na kwa muda, huharibu ini. Ng'ombe, farasi na punda huumia zaidi. Mbuzi na kondoo ni wastahimilivu kuliko wao, ingawa si wa kuachiwa wale hayo tu. Si kila marejea ina kiwango kimoja. Zipo aina zinazopandwa kurutubisha udongo, kwa kuwa ni jamii ya kunde na huleta naitrojeni shambani, na zipo zinazoliwa: mitoo ile ya kifungu inayouzwa Kongowea, ambayo majirani wetu kutoka bara huipika na maziwa kupunguza uchungu, ni marejea. Sasa hivi nazungumzia magugu ya mwituni.

Kiwavi wa nondo wetu hula humo. Ni wa kijivu cha kuiva, ana nywele za kutawanyika, mgongoni ana mstari mweupe, na kila pingili ina alama ya rangi ya chungwa iliyokingama. Hajifichi. Anakaa juu ya jani mchana kweupe kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Ile sumu haimdhuru, na wala haitoi nje. Anaiweka mwilini, anaingia nayo kwenye pupa, ile hatua ya kulala ambamo kiwavi hugeuka nondo, na anatoka nayo akiwa na mbawa.

Ukishalijua hilo, mambo mengine yote yanajipanga. Kwa nini ana wekundu wa kuonekana toka mbali? Kwa sababu anataka aonekane. Ndege aliyemwonja mmoja akatema hatasahau rangi ile. Kwa nini anaruka mchana, polepole, bila kukwepa? Hana cha kukimbia. Yule wa rangi ya nyasi kavu lazima afiche uhai wake kwenye ubua. Huyu ameuandika mbawani. Na kwa nini kiwanja kimoja kimejaa na cha pili, hatua hamsini kando, hakuna hata mmoja? Nenda ukatafute heliotropi. Cha pili kimefyekwa.

Mahindi hayamo katika hesabu yake. Kiwavi wake akiwekwa juu ya jani la hindi ni kama mtu wa Mombasa aliyepelekwa arusini akakuta hakuna wali.

Mengi tunayoyajua kuhusu kazi ya sumu hii yametoka kwa binamu yake wa Marekani, Utetheisa ornatrix, aliyechunguzwa kwa miaka mingi na Thomas Eisner na Jerrold Meinwald wa Chuo Kikuu cha Cornell, mmoja mtu wa wadudu, mwingine mtu wa kemia. Wao walimwangalia nondo akinaswa kwenye utando wa buibui mkubwa wa dhahabu. Buibui alimkimbilia kama kawaida, akamgusa, kisha akaanza kukata nyuzi moja baada ya nyingine mpaka nondo akaanguka, akaenda zake. Nyumba ya buibui ikabaki na tundu. Wakawalea viwavi wengine kwa chakula cha maharagwe kisicho na sumu. Nondo waliotoka humo walikuwa na mbawa zilezile na rangi zilezile, na buibui aliwala. Kwa hiyo rangi peke yake haikumwokoa yeyote. Ilikuwa bango la duka, na bidhaa ilikuwa ndani.

Kilichonishangaza zaidi ni mambo ya uchumba. Dume ana vishada vya manyoya vilivyofichwa nchani mwa tumbo. Akimkaribia jike huvitoa nje na kumpungia marashi, na marashi hayo hutengenezwa kutokana na sumu ileile aliyokula akiwa kiwavi. Aliyekosa sumu utotoni hana marashi ukubwani. Jike akimkubali, dume humpa mfuko wa mbegu za kiume wenye uzito unaofikia kama sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na ndani ya mfuko mna sumu. Jike huichanganya na yake na kuipaka mayai kwa ndani, hata yai lenyewe likawa chungu kwa mdudu anayekuja kulila. Mimi hapo huona mahari. Sisi tunahesabu mahari kwa shilingi na kanga, wao wanahesabu kwa alkaloidi, na mtoto ndiye anayefaidi.

Haya yalipimwa kwa binamu, si kwa huyu wa Mtopanga, na ndugu wawili hawafanani kila tabia. Lakini msingi ni mmoja: huyu naye hula mimea hiyo, huhifadhi sumu hiyo, na amevaa rangi za onyo.

Heliotropi ina hila nyingine ambayo mtu anaweza kuijaribu barazani kwake. Ling'oe, lifunge kitita, lining'inize likauke kivulini. Nondo wa ukoo huu huvutwa na kitita hicho kikavu, na pamoja nao huja madume ya yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye weupe, Danaus chrysippus, anayeonekana kila bustani ya mji huu. Hawaji kula chakula. Wanakuja kunyonya sumu kwenye majani yaliyokufa, kama watu wanaopitia duka la marashi kabla ya kwenda arusini.

Anayetaka kumtafuta hapa mjini asiende msituni. Nondo huyu ni wa pasipo kivuli: viwanja visivyojengwa vya Kisauni na Bamburi, kandokando ya barabara ambazo hazijafyekwa, mbuga ya Nguuni, mahali popote ambapo mchanga na magugu vimeachiwa nafasi. Majira mazuri ni wiki zinazofuata mvua, ile ya mwaka na ile ya vuli, magugu yakiwa bado na majani laini. Kaskazi ikikaza na nyasi kukauka anapungua, na ukidhani ametoweka, ujue amefuata mmea au anausubiri. Tembea taratibu jua likiwa nyuma yako. Akiruka, usimkimbize. Kaza macho pale alipozama, uende upande. Mkamate kwa bilauri, usimshike mbawa. Hana mwiba wala haumi, ila magamba yakishatoka hayaoti tena. Mtoto akimchezea, anawe mikono. Na ukipiga picha, piga na mmea aliokuwa juu yake, majani na maua. Nimetumiwa picha nyingi za nondo wazuri wakiwa juu ya kiganja cha mtu, na kiganja hakiniambii kitu.

Turudi kwa mama na jani lake la hindi, kwa sababu lile jani lilikuwa na matundu, na matundu hayakujitoboa.

Tulipanua moyo wa hindi la kwanza, pale majani machanga yanapojisokota. Ndani mlikuwa na uchafu kama unga wa msumeno uliolowa. Nikauchokoa kwa kijiti, akatoka kiwavi mnene wa kahawia. Nikamwonyesha mama alama usoni mwake, herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia nukta nne zilizokaa pembe nne kama miguu ya kitanda. Kiwavijeshi vamizi, yeye mwenyewe. Mama alikuwa na haki tangu mwanzo kuhusu ugonjwa. Alimkosea mzazi tu.

Kwa mistari sita hakukuwa na haja ya pampu. Tuliwaokota mmoja mmoja na kuwatia katika kopo la maziwa ya unga, wakafika kumi na tisa, na katika mioyo ya mahindi yaliyobaki akatia mchanga mkavu kwa vidole, jambo alilolijua kwa mamake kabla mimi sijazaliwa. Kopo akalimwagia kuku. Viwavi wale hawakumaliza dakika.

Kisha akanyoosha mkono, akaichukua ile bilauri kwangu.

"Unasema huyu ana sumu," akasema. "Haya, tuone."

Akaipindua chini. Jogoo akaja mbio, akamdona nondo, akamwinua. Akasimama. Akamtupa, akarudi nyuma hatua mbili, akausugua mdomo mchangani upande huu na upande huu. Nondo alilala ubavu kidogo, ubawa mmoja umepoteza magamba nchani. Akajipindua, akatembea hatua chache kama mlevi, kisha akaruka ule mruko wake wa karatasi na kuvuka njia kuelekea kwenye magugu.

Mama akamwangalia mpaka alipozama nyasini. "Na hiyo dawa ningenunua shilingi ngapi?" akaniuliza, kisha akaingia ndani kuosha bilauri, mara mbili, kwa sabuni.